Mtungi wa Tatu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliifahamu kwa upande mmoja tu, kwamba anayeutazama mzigo begani mwa mwingine huuona mwepesi. Ilinichukua muda kutambua kwamba ina upande wa pili. Mbebaji naye huweza kuufahamu vyema uzito wa mzigo mgongoni mwake, asijue hata kidogo uzito wake utakapomfikia yule anayepelekewa. Funzo hilo sikulipata bure, na aliyelilipia hakuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Lupaso, wilaya ya Masasi. Zamani nikilitaja jina hilo hapa kisiwani nililazimika kuongeza maelezo: ni kusini, ni bara, ni huko kwenye mikorosho. Tangu tarehe 29 Julai 2020, alipozikwa pale Rais mstaafu Benjamin William Mkapa, maelezo hayahitajiki tena. Watu walikiona kijiji chetu katika televisheni, wakayaona magari na viongozi na vumbi. Mimi nilipoitazama picha ile nilitafuta kitu kingine. Nilitafuta baiskeli. Niliziona mbili, zimeegemezwa mtini, na nyuma ya moja palikuwa na madumu.

Naam, madumu. Kwetu mvua hunyesha msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Aprili au Mei. Baada ya hapo nchi hukauka polepole, na kufikia Septemba visima vifupi vimebaki na tope. Watu huchimba mchanga wa mito iliyokauka na kungoja maji yachuruzike kikombe baada ya kikombe. Mwenye baiskeli ndiye aliyeweza kwenda mbali zaidi. Mjomba wangu alikuwa nayo, Phoenix nyeusi ya Kichina, na kwa kuwa ukoo kwetu hufuata upande wa mama, ni mjomba, wala si baba, aliyenifundisha kazi. Nilipotimiza miaka 13 alinikabidhi baiskeli ile pamoja na madumu matatu ya lita 20. Dumu moja likijaa ni kilo 20. Matatu ni 60. Mimi mwenyewe sikufika kilo 40.

Ujuzi wa kubeba kwa baiskeli haumo miguuni. Mjomba alisema baiskeli haibebi kwa chuma, hubeba kwa mizani. Madumu mawili huning'inizwa kushoto na kulia kwa mti uliopitishwa juu ya keria, la tatu hulala katikati, yote yakafungwa kwa mpira uliochanwa kutoka tyubu kuukuu. Kamba ya katani hulegea njiani, bali mpira hukaza kadiri mzigo unavyocheza. Dumu lisijazwe nusu, kwa maana maji yanayochezacheza humwangusha mtu kuliko maji mengi yaliyotulia. Kwenye mlima usipande. Shuka, mkono mmoja ukamate usukani, wa pili ukamate mzigo, ukaisukume baiskeli kwa kifua. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi, nayo itatandaa kama unyayo wa ngamia. Na ukifika nyumbani usishushe dumu la upande mmoja kabla hujaegemeza upande wa pili, maana baiskeli nyingi huangukia mlangoni, baada ya safari yote kwisha salama.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo mjomba hakuitamka kwa kuwa haikuhitaji kutamkwa: anayebeba zaidi ni bora zaidi. Dumu la nne lilikuwa la bibi jirani asiye na mjukuu, au la mama aliyejifungua juzi. Siku niliporudi na manne kwa mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele. Katika nchi ya kiu, ziada haina dhambi. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa kuletewa maji mengi kupita alivyoagiza.

Huko juu Newala, katika nyanda za Wamakonde, hali ilikuwa ngumu zaidi. Udongo wake ni wa kichanga, maji ya mvua huzama mara yafikapo, na chemchemi hutokea chini, kwenye miteremko ya kingo. Kabla ya mabomba wanawake waliteremka genge na kulipanda tena na vyombo kichwani. Mtu hujiuliza kwa nini watu wakae mahali pasipo maji. Wamakonde wana kisa cha asili yao kinacholijibu swali hilo, nacho kimo katika maandishi ya Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906. Kiumbe wa kwanza aliishi porini peke yake, akachonga kinyago cha mti, kinyago kikawa mwanamke. Walipokaa karibu na mto mtoto wao alizaliwa mfu. Wakahama. Na wa pili akazaliwa mfu. Walipofika juu kabisa, nyandani, wa tatu akaishi. Kizazi kikausiwa kujiepusha na mabonde na maji makubwa, kwa sababu huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Nilisimuliwa kisa hicho utotoni, nikakicheka. Nilikuwa na kiu, na mwenye kiu hawezi kuyaogopa maji.

Mwaka 2001, nikiwa na miaka 22, nilishuka pwani. Nilipanda juu ya lori la korosho na baiskeli yangu nimeifunga pembeni, kilomita zipatazo 200 hadi Mtwara, kisha nikarudi nyuma kilomita 10 hivi hadi Mikindani. Ni mji mdogo mkongwe: nyumba za mawe zilizochoka, boma la Wajerumani la mwaka 1895, mibuyu, na ghuba iliyoingia nchi kavu kama kiganja kilichokunjwa. Ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mimi nilikuwa nimekuja kwa njia iyo hiyo, nikielekea upande wa pili. Nilisimama ufukweni nikatazama maji yote yale, nikahesabu kwa mazoea ni madumu mangapi. Kisha nikayaonja. Sitaisahau hasira niliyoipata siku ile. Maji mengi namna ile, na hakuna hata funda moja la kumpelekea mama!

Nilibeba samaki kwa miezi michache, kisha nikampata Fundi.

Jina lake halisi nitaliacha lipumzike. Watu wote walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mpana wa kifua, mwenye macho mekundu ya chumvi. Kazi yake ilikuwa kuzamia. Hakuzamia kwa kujifurahisha kama wageni walivyofanya, wala hakuwinda. Alikuwa fundi wa vitu vilivyopotea na vilivyokwama. Nanga iliyonasa mwambani, wavu uliojiviringisha kwenye rafadha, mnyororo wa boya uliokatika, kila kilichoanguka majini kikawa na thamani kuliko ujira wake, aliitwa Fundi. Alikuwa na mitungi mitatu ya alumini, kipumulio kimoja, miwani, mapezi ya mpira yaliyotiwa viraka, na mkanda wenye vipande vya risasi vya kumzamisha. Boti hakuwa nayo. Sehemu nyingi alizofanyia kazi zilifikika kwa kuingia majini kutoka ufukweni, maana kuna mahali hapo ambapo hatua chache kutoka nchi kavu sakafu ya bahari hukatika na kushuka kama genge la Newala. Tatizo lake lilikuwa kufika. Kompresa ya kujazia hewa ilikuwa kando ya barabara kuu. Kutoka hapo hadi kwenye fukwe zake ni vijia vya minazi na mchanga, ambako gari halipiti na mtu hawezi kubeba mitungi miwili begani mwendo wa saa nzima.

"Unaweza kubeba vyuma?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimebeba maji, Fundi," nilimjibu. Alicheka. Ila aliponiona ninavyofunga, aliacha kucheka.

Mtungi mmoja uliojaa una kilo kama 17. Nilining'iniza mmoja kila upande kwa mti uleule wa mjomba, vichwa vikielekea nyuma, nikavivika vitambaa ili koki zisigongwe na mawe. Katikati ya keria nikalaza gunia lenye mapezi, kipumulio na ule mkanda wa risasi. Fundi alinionya nisiiache mitungi juani, kwa kuwa hewa iliyobanwa ikipata joto huzidi kusukuma. Nililifahamu hilo bila shida: kila aliyewahi kujaza tairi kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochoma vidole. Hewa haikubali kubanwa kimyakimya.

Jambo lililonistaajabisha ni jingine. Wakati wa kwenda mitungi ilikuwa mizito, na wakati wa kurudi ilikuwa myepesi. Nilidhani ni furaha ya kazi kwisha. Siku moja niliomba mizani ya duka la korosho, nikaupima mtungi ukiwa umejaa na ukiwa mtupu. Tofauti ilikaribia kilo tatu. Fundi alinieleza kwamba ndani ya chuma kile, ambacho ujazo wake ni lita 11 tu, imeshindiliwa hewa ya lita zipatazo 2,300, na hewa ina uzito kama kitu kingine chochote. Nilikaa chini. Miaka yote nilikuwa nimeishi chini ya kitu chenye uzito bila kukisikia. Nikamwandikia mjomba barua: sasa nabeba pumzi, kilo tatu kwa mtungi, na kuna watu wanazilipia.

Sikujua kuogelea. Fundi alipozama nilikaa kwenye mchanga, nikayatazama mapovu. Yalikuja juu kwa mafungu, kama mtu anayehema usingizini, nami nilihema pamoja nayo. Wakati mwingine ulisikika kwa mbali mshindo wa baruti za wavuvi, na Fundi akitoka alikuwa amenuna. Alisema kule chini mshindo ule hausikiwi masikioni bali kifuani, na kwamba matumbawe yaliyochukua umri wa babu na wajukuu kukua hugeuka kifusi kwa pigo moja.

Alinifundisha hesabu ya bahari, ingawa nilikuwa mtu wa ufukweni tu. Kila mita 10 za kushuka, maji huongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 10 mzamiaji hubanwa maradufu, kwenye 20 mara tatu, kwenye 30 mara nne, na hewa ya mtungi huisha kwa kasi hiyo hiyo. Yeye hakuhesabu kwa mita, alihesabu kwa pima, kama baba zake. Pima 15 zilikuwa mpaka wake. Tena alikuwa na sheria aliyoirithi kwa wazamiaji waliomtangulia. Mtungi wa kwanza ni wa asubuhi. Wa pili ni wa baada ya adhuhuri, mtu akiwa ameswali, amekula na amelala kidogo. "Na wa tatu?" nilimuuliza. Akasema: "Mtungi wa tatu ni wa kesho."

Hakunieleza sababu. Kwa kuwa hakunieleza, niliichukulia sheria ile kama tahadhari ya mzee, mfano wa kutofagia usiku.

Sasa nifike penye uzito. Ilikuwa Novemba 2004, joto kali, bahari shwari. Mashine ya boti ilikuwa imeanguka majini upande wa nje wa ghuba, karibu na ufukwe, mahali sakafu inapokatika. Mwenyewe alikuwa kijana aliyeinunua kwa mkopo. Alimjia Fundi karibu kulia. Kila siku mashine ilipolala chini, chumvi iliila. Fundi alikubali. Jioni ile aliniambia nilete mitungi miwili alfajiri.

Nilileta mitatu.

Nimewahi kulisimulia jambo hili kwa namna nyingi. Nimesema niliona kazi ni ngumu. Nimesema nilimhurumia yule kijana. Nimesema kwamba kwa mtu aliyekulia Lupaso, kilo 51 za mitungi mitatu ni pungufu ya madumu matatu, na baiskeli ilikuwa inanidharau kwa mzigo ule mdogo. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna kweli moja ambayo aghalabu niliiruka, nayo ni kwamba nilikuwa nalipwa kwa mtungi. Wa tatu ulikuwa nusu ya ujira zaidi. Usiku ule nililala nikiuhesabu.

Fundi alipouona mtungi wa tatu, umelala katikati ya keria mahali pa dumu la jirani, alitabasamu. "Mtu wa bara, huo wa nini?"

"Wa akiba, Fundi. Usije ukapungukiwa."

"Haya, uache kivulini."

Asubuhi alizama, akaitafuta mashine, akaiona hewa ikielekea kwisha. Akatoka. Hatukungoja adhuhuri, kwa kuwa mkondo ulikuwa unageuka na yule kijana alikuwa ameketi pale akitutazama. Baada ya saa moja hivi Fundi alishuka na mtungi wa pili, akaifunga mashine kwa kamba. Tulivuta watu wanne, ikaja kidogo, ikanasa. Kamba ilikuwa imejipinda kwenye mwamba. Fundi alitoka majini akaketi. Alikunywa maji. Alitazama jua, akamtazama kijana, kisha akaugeuza uso akatazama kivulini.

Laiti pale kivulini pasingekuwa na kitu! Angesema kesho. Angesema kwa sababu pasingekuwa na la kufanya. Sheria zetu nyingi tunazishika kwa njia hiyo. Hatuzivunji kwa kuwa chombo cha kuzivunjia hakipo karibu. Mimi nilikileta chombo. Nilikileta kwa ustadi, hakikugongwa, hakikupata jua.

"Niletee," alisema.

Alikaa chini muda mrefu, akapanda juu haraka kuliko kawaida yake. Mashine ikatoka. Kijana akatukumbatia sote. Tulipokuwa tunafunga mizigo Fundi alisema bega linamuuma, akadhani amelitegua kwa kamba. Njiani alijikuna mikono. Tulipofika kwenye mbuyu wa kwanza aliketi, na alipotaka kuinuka, miguu haikumsikia.

Nilitupa mitungi yote mitatu vichakani. Nilimpandisha kwenye keria, nikamfunga kiunoni kwa mpira wa mizigo, nikamwambia aniegemee mgongoni. Nilisukuma baiskeli kwenye mchanga kama nilivyofundishwa, mkono mmoja usukanini, mmoja kwenye mzigo. Wakati wote alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Sizisikii nyayo zangu, Bwana Mdogo. Tazama, zisije zikaingia kwenye njiti." Nilizitazama. Zilikuwa zinaburuta mchangani.

Hospitali walimtia maji ya mshipa na kumpa hewa ya oksijeni. Dawa ya maradhi yale ni chumba cha chuma ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye mbano wa kilindi, kisha akatolewa polepole kwa saa nyingi. Chumba cha namna hiyo hakikuwapo karibu nasi. Baada ya miezi Fundi aliweza kusimama, kisha akatembea kwa mikongojo miwili. Hakuzama tena.

Maelezo kamili niliyapata baadaye sana, nilipohamia hapa Unguja na kufungua banda la kutengeneza baiskeli. Mteja mmoja aliniazima kitabu cha wazamiaji. Karibu nne ya tano ya hewa tunayoivuta ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Chini ya mbano wa kilindi naitrojeni huingia katika damu na mafuta ya mwili, ikayeyuka humo kama gesi katika soda iliyofunikwa. Mtu akipanda polepole hutoka kwa pumzi bila madhara. Akipanda haraka, kifuniko kimefunguliwa: hugeuka mapovu mwilini, na mapovu hayo yakiukamata uti wa mgongo, miguu hunyamaza. Na kila mzamo huacha mabaki, hivyo wa pili huanza mahali wa kwanza ulipoishia, na wa tatu huanza juu ya hiyo miwili. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, baada ya majaribio mengi aliyowafanyia mbuzi. Kipumulio cha kisasa, kilichotengenezwa na Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943, kilikuja nyuma ya elimu hiyo kwa miaka 35. Yaani elimu ya kumlinda Fundi ilikuwapo ulimwenguni miaka 96 kabla ya siku ile. Kwake ilikuwa imefika ikiwa sentensi moja isiyo na maelezo, nami sikuiheshimu kwa kuwa haikuwa na maelezo.

Ninapofikiri hayo, mawazo hunipeleka mbali zaidi. Mimi si mtu wa kwanza kushuka Mikindani kutoka bara na mzigo. Njia ile ilipitiwa na misafara ya watumwa na pembe, watu wakibeba mizigo ya wenye kuwabeba wao. Wengine walivushwa hadi Unguja, na wengine hadi Ghuba, ambako Waafrika wengi walizamishwa kutafuta lulu, jiwe mguuni na kibano puani, mpaka biashara ile ilipoporomoka miaka ya 1930. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la walioachwa huru kutoka Unguja. Walishuka Lindi wakikusudia kufika kwao upande wa Ziwa Nyasa, lakini wakaishia Masasi wakajenga chini ya majabali yake. Kwa hiyo kati ya kisiwa hiki na kwetu ipo njia ya zamani, na juu yake wamepita watu wengi ambao hawakuulizwa wanabeba nini wala kwa ajili ya nani. Mimi niliweza kuuliza. Sikufungwa na mtu. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma yao.

Nilimwambia Fundi ukweli mwaka 2006, juu ya ujira na usiku wa kuuhesabu. Tulikuwa ufukweni, kwa kuwa kila nilipomtembelea aliniomba nimpeleke kwa baiskeli akaitazame bahari. Alikuwa mwepesi, pungufu ya madumu matatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Bwana Mdogo, mtungi haujifungui wenyewe. Wewe ulileta, mimi nikafungua."

Nilitaka kuyapokea maneno hayo kama msamaha, na yawezekana ndivyo alivyokusudia. Lakini nimeyapindua kwa miaka mingi na kuona kwamba yamegawa mzigo, hayakuutua. Sehemu yake aliichukua, na sehemu yangu akaniachia, kwa adabu, kama mtu anayesaidia kufunga kisha akaondoa mkono aone kama baiskeli itasimama.

Fundi alifariki mwaka 2019, kwa maradhi mengine, nyumbani kwake. Nilisafiri kuzika. Mwaka uliofuata, miezi michache baada ya nchi nzima kulisikia jina la Lupaso, nilifika kwetu. Mjomba alikuwa ametangulia zamani. Ile Phoenix yake, niliyoirudisha nyumbani nilipohamia Unguja, bado ipo, fremu tu ndiyo ya asili. Ilikuwa Oktoba, msimu wa kiu, na mjukuu wake wa miaka 14 alikuwa anafunga madumu kwa mpira wa tyubu. Alifunga vizuri. La nne alilipandisha juu, akanitazama kidogo kwa pembe ya jicho, kama nilivyomtazama mjomba.

"La nani hilo?" nilimuuliza.

"La bibi wa pale kwenye mwembe, babu. Hana mtu."

"Amekuagiza?"

"Hapana."

Nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilikuwa nimekuja nalo kutoka kisiwani, juu ya meli na mabasi mawili, nikidhani ni hekima. Lakini pale palikuwa Lupaso, vumbi lilikuwa jekundu, na bibi wa pale kwenye mwembe alikuwa na kiu. Nililishika dumu upande wa pili mpaka akamaliza fundo.

"Ukifika," nikamwambia, "mwulize kwanza pa kulitua."

Akaitikia, akasukuma.